Shujaa anapigana nikiwa nimelala, mimi nafukuzwa kwa utoro

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili kwa miaka mingi pasipo kuwaandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu Invincible: Guarding the Globe, gemu la simu la mashujaa lililotolewa na Ubisoft Februari 2024. Bila shaka mnaikumbuka, maana mliipa ukurasa mzima pamoja na picha ya Omni-Man, mmoja wa wahusika wake, na masharubu yake. Wachezaji mliowahoji wanasifu kwamba kikosi ukishakipanga kinapigana chenyewe, kwamba hata ukiiweka simu kando mali inaendelea kulundikana, na kwamba kwa hiyo gemu hilo linamfaa mtu mwenye shughuli nyingi. Mwandishi wenu naye akamalizia kwa kusema kuwa wanaolalamika ni watu wasio na subira. Sentensi hiyo niliirudia ili nihakikishe kwamba macho yangu hayanidanganyi.

Sina ugomvi na mashujaa wenyewe. Katuni ya Robert Kirkman walimozaliwa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2003 na kukamilika 2018, ni miongoni mwa visa vichache vya aina hiyo ambamo kipigo kinauma: Mark Grayson, kijana ambaye ndiye shujaa mkuu, anapondwa na baba yake mzazi hadi akaribie kufa, na nguvu anazozipata baadaye amezilipia kwa mifupa yake. Kwenye gemu, Mark huyo huyo anapanda daraja kwa sababu umepata nakala zake nyingine ukazijumlisha. Kupanga nani awe mshambuliaji, nani mlinzi na nani msaidizi kunafurahisha, na katika hilo nakubaliana na vijana wenu. Lakini raha hiyo huisha mapema, na baada ya hapo kazi ya mchezaji ni kufungua simu, kuzoa kilicholundikana, kubonyeza pa kuongezea nguvu na kufunga.

Hilo la subira ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Katika gemu za namna hii kinachouzwa ni kuepushwa na kusubiri, na aliyeweka muda wa kusubiri ni muuzaji mwenyewe. Ian Bogost, mwalimu wa chuo kikuu nchini Marekani, alilionyesha jambo hilo mwaka 2010 alipotengeneza gemu la Cow Clicker ndani ya Facebook kama kejeli tu: unapewa ng'ombe, unambonyeza mara moja, kisha unakaa saa sita ndipo umbonyeze tena, na kama huwezi kukaa, unalipa. Watu walilipa. Mwaka uliofuata aliwaondoa ng'ombe wote, na bado wapo waliobaki wakibonyeza mahali ng'ombe walipokuwa wamesimama. Sasa mwandishi wenu anapomhimiza mchezaji awe na subira, anamtaka awe na kitu ambacho duka zima limejengwa ili limmalizie.

Gemu lililonitibua nyongo mimi si hilo la Invincible, bali ni jingine la mashujaa, la mtindo huo huo, ambalo jina lake nalihifadhi. Ndani yake wachezaji huungana katika chama, na kila mwanachama anapaswa kumshambulia adui mmoja mkubwa kila siku ili wote wapate zawadi. Nilikuwa mwanachama mwaminifu, nikilitimiza jukumu hilo alfajiri kabla hata ya kunawa uso. Mwaka jana tukafiwa na shangazi yangu huko Mtae, Lushoto, tukapanda mlima kwenda kuzika. Aliyewahi kukaa msibani kule juu anajua hali ilivyo: wanaume mko nje chini ya turubai, mtandao unapatikana ukisimama kwenye ngazi za kanisa na kuinua mkono, na hakuna mtu mwenye haya atakayekwenda kusimama pale kwa ajili ya gemu wakati wenzake wanachimba kaburi. Niliporudi Muheza nikafungua simu, nikakuta kikosi changu kimepigana usiku na mchana bila mimi, dhahabu imejaa hadi ghala halipokei tena, na juu ya yote hayo ujumbe kwamba nimeondolewa chamani kwa utoro. Nikamwandikia kiongozi wa chama, mtu nisiyejua hata anatoka nchi gani, nikamweleza habari za msiba. Akanijibu kwa kikatuni kinachopunga mkono. Zawadi nilizozichangia zikabaki kwao, na ili nijiunge na chama kingine ilinipasa kusubiri, au, kama mlivyokwisha kubashiri, kulipa almasi, ambazo ndizo fedha za ndani ya gemu, ili nisisubiri. Hilo ndilo gemu la watu wenye shughuli, Mhariri! Linaweza kufanya kila kitu bila mimi isipokuwa kunipa ruhusa ya kwenda kuzika! Mwajiri wangu, ambaye hasifiki kwa upole, alinipa siku nilizoomba na akatuma rambirambi.

Almasi zenyewe nazo zina lao. Unazinunua kwa fedha halali, kisha unazitumia kuvuta shujaa usiyejua ni yupi, na mara nyingi anatoka yule ambaye unaye tayari. Tangu mwishoni mwa 2017 Apple inawataka watengenezaji wa gemu waonyeshe uwezekano wa kupata kila aina ya kitu kinachotolewa kwa bahati kabla ya mteja kununua, na mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliyahesabu masanduku ya bahati ya kulipia, yale ya ndani ya gemu unayoyanunua bila kujua yana nini, kuwa kamari. Sisi tunayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mtoto haruhusiwi kukanyaga ndani ya duka la kubeti. Je, kuna mwandishi wenu yeyote aliyeiuliza Bodi hiyo inasemaje kuhusu mtoto anayevuta mashujaa kwa simu ya mama yake? Na kwa kuwa kalamu ninayo mkononi, niliguse na bando. Gemu linalosemekana kujicheza lenyewe hudai kusasishwa kila mara, nalo hilo hulifanya kwa bando langu, ambalo lisipoisha kwa kusasisha hufa lenyewe saa yake ikifika, hata kama nimebakiwa na nusu. Yaani fedha yangu ina haraka pande zote mbili, na anayeambiwa asubiri ni mimi.

Napendekeza kwamba kila mnapochapisha sifa za gemu la simu mwandike pembeni, kwa tarakimu nene, bei ya shujaa mmoja wa daraja la juu kwa shilingi za Tanzania wala si kwa almasi, na chini yake bei ya kilo ya sukari ya siku hiyo. Pili, mwandishi wa makala ile apelekwe Mtae kwa siku tatu bila chaja, kisha arudi aandike upya sentensi yake juu ya subira. Nauli ya basi kutoka Lushoto nitamchangia, ila akiage kabisa chama chake kabla hajapanda.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Muheza, Tanga