Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi: Msiwasombe wa Mtaani, Wafuateni Walipo

Mheshimiwa Waziri,

Amri ya kukaa nyumbani kwa sababu ya Korona ilipotoka Machi 2020, haikusema asiye na nyumba akae wapi. Kafyu ilianza tarehe 27 mwezi huo, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa saa hizo kumi, anayelala kwenye kibaraza cha duka alikuwa mvunja sheria kwa kulala tu. Na si kwamba serikali haikujua wapo. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilikuwa imekwisha kuhesabu watu 46,639 nchi nzima, 15,337 kati yao hapa Nairobi.

Tunakuandikia wakati huu ambapo hakuna taharuki, maana wakati wa taharuki hakuna anayesoma barua. Mpox ilipothibitishwa nchini Julai 2024 tuliona tena pengo lilelile: ni ugonjwa wa kugusana ngozi na kuchangia matandiko, na mtaani watu watatu wanne hulala ndani ya blanketi moja kwa sababu ya baridi. Ombi letu ni hili: janga jingine likija, msiwapakie watu kwenye malori mkawajaze ukumbini. Huduma ndiyo ipelekwe kwenye besi.

Besi, kwa asiyeijua, ni kituo cha kundi moja la mtaani. Kina watu ishirini, arobaini, wakati mwingine zaidi, kina kiongozi wake na mipaka yake. Wa Gikomba hawalali na wa Ngara. Kwa mtaalamu wa magonjwa hiyo ni zawadi, kwa sababu kundi limejitenga lenyewe kabla hujalitenga. Ukivunja besi tano usiku mmoja na kuzichanganya kwenye jumba moja la mikutano, umeunganisha makundi matano ambayo virusi vingechukua wiki kadhaa kuvuka kati yao.

Boston, Marekani, walilipa gharama ya somo hili. Mapema Aprili 2020 watu 408 waliokuwa kwenye makazi ya wasio na nyumba walipimwa Korona wote kwa pamoja. Waliokutwa nayo walikuwa 147, na karibu wote hawakuwa na homa. Kwa hiyo kile kipimajoto cha bastola cha mlangoni kingewapitisha ndani na kuwaambia karibuni. Mwongozo wa kitaifa wa afya wa Marekani mwaka huohuo ulisema wazi kwamba pasipo na vyumba vya mtu mmojammoja, kambi za mitaani ziachwe zilipo, kwa sababu kuwatawanya watu husambaza ugonjwa na kuwapoteza kwa wahudumu wao.

Kama ni lazima ukumbi utumike, kwa mfano mvua za Aprili zikifurisha Mto Nairobi, basi kazi ianze na tepu ya kupimia. Kila mtu anahitaji angalau mita za mraba 3.5 za sakafu. Ukumbi wa mita 14 kwa 10 unatosha watu 40. Wa arobaini na moja atafutiwe pengine. Walazwe kichwa kwa miguu, mwanya kati ya mkeka na mkeka usipungue mita moja, na bora ukikaribia mbili watu wakiwa pungufu ya hapo. Choo kimoja kwa kila watu 20. Madirisha yafunguliwe pande mbili zinazotazamana, usiku kucha. Hapo ndipo mambo huharibika: saa saba usiku baridi inaingia, mtu anafunga dirisha, na mlinzi anamwachia. Pesa za blanketi la pili kwa kila mtu zinanunua hewa safi kuliko pesa za mashine yoyote ya kupuliza dawa.

Sasa maji. Kunawa sekunde 20 kwa mchirizi mwembamba hutumia kama nusu lita. Besi ya watu 40, kila mmoja akinawa mara sita kwa siku, inataka lita 120, yaani jerikeni sita za lita 20, na hapo hatujanywa wala kupika. Mwaka 2020 mapipa ya kunawia yaliwekwa kwenye steji za matatu na milango ya masoko, na mengi yakakauka, kwa sababu bajeti ilinunua pipa ikasahau wa kulijaza. Koki za shaba hazikudumu, maana shaba ina bei kwa mnunuzi wa skrepa. Wekeni koki ya plastiki, au mtumie kibuyu chirizi: jerikeni la lita 5 lililotobolewa tundu kama sentimita 12 chini ya mfuniko, likaning'inizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa kijiti cha mguu. Jerikeni lililotobolewa halina soko. Sabuni ya mche nayo hupotea siku ya kwanza. Badala yake chukua gramu 30 za sabuni ya unga, koroga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa msumari, funga chupa kwa kamba. Inatoa povu la kutosha na hakuna atakayeihamisha.

Sanitaiza msigawe. Inayofaa ina spiriti asilimia 60 au zaidi, na usiku besi huota moto wa mbao na matairi. Mikono iliyolowa spiriti haipaswi kusogea hapo. Tena wapo watakaoinywa, na kama ni ya magendo yenye methanoli, inapofua na kuua. Sabuni na maji vinatosha.

Barakoa ya kitambaa hufuliwa kila siku, kwa hiyo moja haitoshi. Zitolewe mbili pamoja na mahali pa kuanikia, vinginevyo hiyo moja itakuwa chafu kuliko mkono. Na anayevuta gamu, yaani gundi ya viatu, ana chupa mdomoni mchana kutwa. Kumtoza faini ya barakoa ni kupoteza karatasi ya mahakama. Linalosaidia kwake ni asichangie chupa wala sigara. Kila mtu apewe kikombe na bakuli lake lenye alama yake.

Kuhusu chakula tunaomba usituone tunatoka nje ya mada. Mikahawa ilipofungwa au kubaki ya kubeba tu, na makanisa yakafungwa, mabaki ya jioni na sadaka ya Jumapili vilikatika kwa wiki moja. Watu wenye njaa hawakai mahali pamoja. Walitembea kutoka mjini hadi mitaa ya mbali kutafuta pipa lenye kitu, wakachanganyika na besi zisizo zao. Githeri ya watu 40 kwa mlo mmoja ni gorogoro (mkebe wa kama kilo mbili) 3 za mahindi na 1 na nusu ya maharagwe, bila kusahau kuni na chumvi. Hiyo ni kinga, iandikwe kwenye fungu la kinga. Namna ya kugawa ndiyo yenye ufundi. Gari likisimama barabarani na kamera, dakika tano baadaye ni mkanyagano. Sufuria lenye kifuniko likabidhiwe besini saa ileile kila siku, mbele ya watu wawili na siyo kiongozi peke yake, kwa sababu kiongozi mwenye njaa ni binadamu.

Mgonjwa je? Mtaani kila mtu anakohoa: moshi, gamu, baridi, kifua kikuu. Anayekohoa wiki mbili apimwe makohozi ya kifua kikuu siku hiyohiyo anayopimwa ugonjwa wa mlipuko, asiambiwe arudi. Akikutwa na kifua kikuu, dawa ni miezi sita, na mtu wa kumwona akizimeza atoke besi yake au zahanati iliyo jirani. Wanaotumia ARV waongezewe akiba kabla amri yoyote ya kufunga mji haijatangazwa, wapewe na mfuko usiopitisha maji. Vidonge vilivyolowa mtaroni ni dozi iliyokatika.

Wa kutengwa atengwe chumbani, na hapa ndipo vyumba vya kukodi vina kazi: mgonjwa, mzee, mjamzito, mwenye mtoto mchanga. Mwaka 2020 waliovunja kafyu walipelekwa karantini kama adhabu, na kwa muda waliokuwa humo walidaiwa malipo ya kila siku. Matokeo yake mtaani ni kwamba neno karantini lilisikika kama jela. Mkirudia hilo, mgonjwa wa kwanza atafichwa na wenzake hadi awe na wenzake kumi. Aambiwe mapema anakwenda wapi, kwa siku ngapi, na mzigo wake wa plastiki utalindwa na nani. Hilo la mwisho huamua kuliko unavyodhani.

Chanjo ikipatikana, chagueni ya dozi moja kama ipo, maana dozi ya pili baada ya wiki nane au kumi na mbili humkuta mtu kahama. Timu ifike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya hapo wameshaondoka kuokota, na jioni gamu imewashika wengi, ridhaa yao si ridhaa. Homa ya kesho yake humnyima mbeba gunia siku nzima ya kipato, kwa hiyo apewe milo miwili na dawa ya maumivu, la sivyo habari itakayosambaa ni kwamba chanjo inaleta njaa. Kadi zitapotea. Daftari la besi libaki kwa muuguzi, likiwa na jina la utani, jina la mama, na picha kwa aliyekubali. Watoto wasio na mzazi wahitaji afisa wa watoto awepo palepale. Asipoletwa, msifungue kasha la chanjo.

Yote haya hukwama kwenye kitambulisho. Usajili wa chanjo ulikitaka, Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vibarua kwa vijana, ilikitaka, laini ya simu ya kupokea msaada inakitaka, na SHA, bima ya afya ya serikali, vilevile. Lakini kuna mlango mmoja ulio mkononi mwako. Wahudumu wa afya ya jamii hupangiwa kaya, takriban 100 kila mmoja, na asiye na mlango si kaya. Toa waraka kwamba besi moja ihesabiwe kama kaya na ipangiwe mhudumu wake kwa jina. Waraka huo hausubiri Bunge wala mfadhili.

Kuhesabu besi zenyewe, mtakaowatuma waje kati ya saa nne na saa sita usiku, kwa miguu, wakitanguliwa na mtu anayefahamika pale. Waanzie mzunguko wa Globe, wapitie Ngara, wamalizie chini ya barabara ya juu ya Pangani. Askari wasiwe mbele.

Wako,
Sisi wahudumu wa afya na ustawi wa jamii tunaofanya kazi na familia za mitaani, Nairobi