Nyumba Yetu Hufuata Maji

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mimi sijambo, shemeji yako hajambo, wanangu wawili ni wazima na wanakua haraka, na Mama, ambaye sasa tunaishi naye, anakusalimu sana. Magoti bado yanamsumbua asubuhi, lakini ana habari zake nzuri ambazo nitakueleza mbele. Natumaini nanyi huko mu wazima wote.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili na shemeji yako asikie. Swali lako la mwisho ndilo lililonikalisha chini nikujibu. Unauliza watu wenye kazi, watoto na mzazi wa kumtunza wanapata wapi muda wa kufanya yale wanayoyapenda, na kama kuishi kando ya bahari kunasaidia chochote. Umesema rangi zako zimekaukia kwenye vikopo, na hujashika brashi tangu kitinda mimba wako azaliwe. Hilo limeniuma, maana nakumbuka ulivyokuwa ukichora hadi mtu anakuita chakulani husikii. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, uvumilie.

Muda hatuupati sisi. Tunapangiwa na maji.

Mahali pengi duniani bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika kipindi cha saa 24 na dakika 50 hivi. Hizo dakika 50 ndizo zilizobadilisha maisha ya nyumba yetu. Dunia inapomaliza kujizungusha, mwezi nao unakuwa umeshasogea mbele kidogo katika njia yake, kwa hiyo dunia inahitaji muda wa ziada kuufikia tena. Leo maji yakipwa saa 3 asubuhi, kesho yatapwa karibu saa 4 kasoro dakika 10, na kesho kutwa saa 5 inakaribia. Wiki ambayo ufukwe unabaki wazi mchana, wakati sote tuko kazini na shuleni, haidumu. Wiki inayofuata maji yatapwa alfajiri na jioni, na hapo hakuna wa kukuzuia kushuka.

Kati ya kujaa na kupwa ni kama saa 6 na dakika 12. Mimi napenda maji yakipwa, shemeji yako anapenda yakijaa. Unaona basi ilivyokaa? Saa yangu na saa yake haziwezi kugongana hata tungetaka. Mimi nikiwa miambani, yeye yuko nyumbani na watoto. Zamu yake ikifika, mimi nimesharudi. Zamani tulikuwa tukivutana kila Jumamosi nani apumzike na nani abaki na nyumba. Sasa jedwali la maji limebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, binti yetu anapigia mstari saa za wiki nzima kwa kalamu mbili za rangi, yangu na ya baba yake, na mjadala umekwisha. Hakuna anayeweza kumlaumu mwenzake kwa zamu iliyopangwa na mwezi.

Mimi nafanya nini huko miambani? Naangalia, basi. Maji yakishuka yanaacha vidimbwi kati ya mawe, na kila kidimbwi kina wakazi wake. Nachuchumaa kwenye kimoja na kukaa kimya mpaka viumbe wasahau kuwa nipo. Mwanzoni huoni kitu, halafu jiwe dogo linaanza kutembea, kumbe ni kaa anayeishi ndani ya kombe la konokono. Kiumbe mwenye umbo kama la unyoya anakunjuka. Samaki mdogo aliyekuwa na rangi ya mchanga anahama upande mwingine wa kidimbwi ndipo unamtambua. Nina daftari la kuandikia ninachokiona, tarehe, saa na hali ya mwezi. Sichukui kitu, na sigusi konokono aliye hai, hasa wale wenye umbo la koni wanaopatikana bahari za joto. Baadhi yao wana mwiba wenye sumu inayoweza kumuua mtu. Watoto nimewafundisha hilo kabla sijawafundisha jina la kiumbe chochote.

Mwanangu mdogo ndiye aliyenivutia kwenye hao kaa wa makombe. Hawajiotei kombe, wanatumia yaliyoachwa na konokono waliokufa, na kila wanapokua wanahitaji kubwa zaidi. Siku moja aliweka kombe zuri tupu karibu na kidimbwi, tukalala kifudifudi kwenye mchanga kusubiri. Kaa mmoja akaja, akalipapasa kwa miguu ya mbele, akaingiza koleo ndani kana kwamba anapima chumba, akaliona kubwa mno. Hakuondoka. Alisimama hapo hapo. Wakaja wengine, wakajipanga nyuma yake na pembeni, wakubwa kwa wadogo. Alipofika mmoja mkubwa wa kutosha akahamia lile jipya, basi kwa dakika chache kila mmoja akahamia kombe la aliyemtangulia, na mwishoni likabaki moja dogo sana lenye tundu ambalo hakulitaka yeyote. Nimesoma baadaye kwamba watafiti wameona foleni hizo hizo sehemu mbalimbali duniani. Mwanangu alipiga kelele hadi watu wakageuka. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna kombe linaloletwa kuwa pambo. Tunapiga picha, tunaliacha. Kila kombe unaloweka kabatini ni nyumba ambayo mtu mwingine alikuwa anaitafuta, na naomba utuunge mkono kwa hilo wanao watakapokuja.

Shemeji yako yeye ni wa ndege. Amepata darubini iliyotumika na kamera ya zamani, na anataka maji yajae kwa sababu vitwitwi na jamaa zao, wanaokula kwenye matope na mchanga ulio wazi, husukumwa na maji mpaka ukingoni. Hapo hukusanyika kupumzika, wengi kwa pamoja, karibu na macho ya mtu. Kuna kitwitwi mmoja mdogo, mweupe chini na kijivu mgongoni, ambaye kazi yake ni kukimbizana na wimbi: likirudi analifuata akidonoa, likija anakimbia mbele yake kwa miguu myeusi isiyoonekana kwa kasi. Hana kidole cha nyuma kama ndugu zake wengi. Huzaliana kaskazini kabisa, maeneo ya Aktiki, kisha husambaa fukwe za karibu kila bara. Na mwaka 2022 ndege wa jamii nyingine ya ufukweni, mwenye mdomo mrefu na umri wa miezi mitano tu, akiwa na kifaa cha kufuatiliwa kwa setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, zaidi ya kilomita 13,500, kwa siku 11 bila kutua. Shemeji yako alitusomea habari hiyo mezani na sauti ikamkwama. Ndiyo maana hapendi kabisa kuona mtu anakimbilia kundi la ndege ili wapae apate picha. Kila wanaporushwa, anasema, wanatumia nguvu waliyoila kwa shida. Yeye hupiga picha akiwa amekaa chini, mbali, na picha nyingi hazitoki. Hajali.

Binti naye ana mchanga. Ndiyo, mchanga! Anaukusanya kwa vijiko, anautia kwenye vichupa vya dawa vilivyosafishwa, na kila chupa ina karatasi ya mahali na tarehe. Chini ya lenzi, mchanga unaouona wa rangi moja unageuka kuwa vipande vya makombe, miiba ya viumbe, chembe zinazong'aa za mawe, na mara nyingine kipande cha chupa kilicholainishwa na bahari kwa miaka mingi. Akidondosha siki juu yake, chembe zilizotokana na makombe na matumbawe hutoa mapovu kwa sababu ni chokaa; zile za mawe magumu hukaa kimya. Amenifanyia jaribio hilo mara nyingi, na kila mara bado ananishika mkono nisogee karibu niyaone mapovu. Ukimletea mchanga wa mto wa huko kwenu, hata kidogo kwenye bahasha, utakuwa umemletea zawadi kuliko nguo.

Sasa Mama. Hili nilitaka uliketie. Mama ameanza kuelea! Sisemi kuogelea, nasema kuelea. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi katika kila lita, kwa hiyo humbeba mtu vizuri kuliko maji ya mtoni. Maji yakiwa yamejaa na kutulia, bahari ikiwa shwari, tunashuka naye mpaka maji yamfike kifuani. Mimi namshika bega moja, mjukuu wake anashika kisigino, naye analala chali, anafumba macho na magoti yanapumzika kubeba uzito. Mara ya kwanza aliomba dua kwa sauti. Siku hizi anatufukuza: "Niachieni, nyie mnanizamisha." Mtu aliyeishi na bahari kuiona kwa mbali tu, amepata jambo lake mwenyewe katika umri huu, na mimi nikimwangalia najisikia kushukuru kuliko ninavyoweza kukuandikia.

Nisikudanganye kwamba yote ni matamu. Chumvi inakula kila kitu. Bawaba za milango zinashika kutu, nguo hazikauki vizuri siku za unyevu, vitabu vinaota ukungu, na kamera inabidi ikae kwenye sanduku lililofungwa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Mchanga uko kitandani, uko kwenye unga, uko masikioni mwa mtoto. Tumeweka ndoo ya maji mlangoni, na bado unaingia.

Na bahari haina mzaha, kwa hiyo haya nakuomba uyasome pamoja na wanao kabla hamjaja. Maji yanayojaa hayapandi kwa kasi moja. Wazee wa mahesabu hugawa kina chote mafungu 12: saa ya kwanza linaingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ukihesabu utaona nusu nzima ya maji inaingia katika saa mbili za katikati. Mtu anatembea mbali kwenye fungu la mchanga, saa ya kwanza anaona maji hayasogei, anajisahau, na mabonde yaliyo nyuma yake ndiyo yanayojaa kwanza. Sisi hushuka maji yakiwa bado yanapwa, na yakigeuka tu tunaanza kurudi, hata kama kidimbwi kimenoga. La pili: pale mawimbi yanapovunjika, kuna mikondo inayomvuta mtu kwenda kilindini. Ikikuchukua usipambane nayo uso kwa uso. Tulia, elea, inua mkono kuomba msaada, na ukiweza ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu. Wanangu wanaijua hiyo kwa moyo, na wako nao waijue.

Nakuja sasa kwenye ombi langu. Umesema mtakuja likizo lakini hujasema lini. Usichague tarehe kwa kalenda ya shule peke yake. Njooni mwezi ukiwa mpevu au mwezi mchanga, na mkae siku mbili tatu baada yake. Wakati huo jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, ndipo panakuwa na bamvua: maji yanajaa juu kabisa na kupwa chini kabisa, na sehemu za miamba ambazo siku nyingine hazionekani zinabaki wazi. Mkija mwezi ukiwa nusu mtakuta maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na nitasikitika kukuonyesha nusu ya kitu.

Watoto wote watalala chumba kimoja, wameshagawana magodoro ya hewa. Wewe na mumeo mtachukua chumba cha upande wa bahari; kelele za mawimbi usiku wa kwanza zitawasumbua, usiku wa pili mtazizoea. Leteni viatu vya zamani vyenye soli ngumu kwa ajili ya miamba, kofia, na nguo mnazokubali ziharibike. Rangi zilizokauka ziache huko. Nimekununulia boksi dogo la rangi za maji na karatasi nene, na nimeshalizungumza na shemeji yako: kwenye jedwali la jikoni, siku zote mtakazokuwa hapa, kutakuwa na kalamu ya tatu. Saa zako binti ataziandika yeye mwenyewe. Watoto wako katika saa hizo ni wetu, usiwaulize wala usiwasikilize wakikuita. Mumeo naye achague maji yake, kujaa au kupwa, tumpangie.

Nijibu mapema, maana shemeji yako lazima aombe ruhusa kazini, na mwezi hautusubiri.

Wasalimie wote, na umbusu kitinda mimba kwa niaba yangu.

Wako akupendaye daima.