Mwanangu, Tafuta Kwanza Kilicho Sawa

Mwanangu mpendwa,

Sote hapa nyumbani tu wazima, na babako anakusalimu sana. Nimeyasoma maswali ya mwendo uliyonitumia pamoja na majibu yako, na nimeona kwamba hesabu yenyewe haikushindi, kwa kuwa kujumlisha na kugawanya unakujua vyema. Kinachokukwamisha ni kwamba umekariri kanuni ya kujumlisha kasi magari yanapokutana na kuzitoa yanapofuatana, kisha kila swali unalilazimisha liingie katika kanuni hiyo. Kanuni ni ya kweli, lakini ningependa uiweke kando kwanza, ili uone inavyojitokeza yenyewe kutokana na aljebra.

Chukua barabara unayoisafiri kila muhula. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Tuseme basi linaondoka Nairobi saa mbili asubuhi kwa kasi ya kilomita 70 kwa saa, na wakati huohuo lori linaondoka Mombasa kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa. Yatakutana saa ngapi, na wapi? Kabla hujaandika herufi yoyote, jiulize ni kitu gani kilicho sawa kwa magari yote mawili. Kasi si sawa, na umbali pia si sawa, maana basi litakuwa limekwenda mbali zaidi. Kilicho sawa ni muda, kwa kuwa yameondoka pamoja na safari tunayoihesabu inakomea pale yanapokutana. Muda huo uuite x. Basi litakuwa limekwenda kilomita 70x na lori kilomita 50x, na vipande hivyo viwili vikiunganishwa vinatimiza barabara nzima:

70x + 50x = 480

Kwa hiyo 120x = 480, na x ni saa 4. Yatakutana saa sita mchana, kilomita 280 kutoka Nairobi, mahali fulani kati ya Mtito Andei na Voi. Iangalie vizuri ile 120: wewe hukuamua kujumlisha kasi, bali mlinganyo ndio uliozijumlisha.

Sasa tuyaelekeze yote upande mmoja. Lori linaondoka Nairobi saa moja asubuhi kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, na basi linalifuata saa mbili na nusu kwa kasi ya kilomita 75 kwa saa. Hapa ndipo ulipopotea katika swali lako la tatu, kwa sababu uliendelea kuuchukulia muda kuwa sawa, hali lori lilikuwa limetangulia. Basi likilifikia lori, yote mawili yatakuwa yamekwenda umbali uleule kutoka Nairobi, kwa hiyo kilicho sawa sasa ni umbali. Ukiuita muda wa basi x, muda wa lori ni x + 1.5, na mlinganyo unakuwa:

75x = 50(x + 1.5)

Fungua mabano upate 75x = 50x + 75, kisha 25x = 75, na x ni saa 3. Basi litalifikia lori saa tano na nusu, kilomita 225 kutoka Nairobi, kabla kidogo ya Mtito Andei. Ile 75 ya upande wa kulia ni kilomita ambazo lori lilikuwa limetangulia, na ile 25 ni kilomita ambazo basi linazipunguza kila saa. Nimeandika 1.5, nawe uliandika 1.30, ilhali dakika thelathini ni nusu ya saa, na kosa hilo dogo limekuharibia majibu mawili yaliyokuwa na mlinganyo sahihi kabisa.

Kuna swali jingine la namna hii ambalo silioni katika vitabu vyako, nami nataka ulijue kwa sababu wewe ni abiria wa barabara hiyo, ambayo sehemu kubwa ina njia moja tu ya kwenda na moja ya kurudi. Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwa magari ya abiria, na dereva anataka kulipita lori la trela linalokwenda kilomita 60. Lori lina urefu wa mita 18, basi mita 12, na tuseme dereva anaacha nafasi ya mita 35 kabla ya kutoka nyuma ya lori na mita 35 nyingine kabla ya kurudi mbele yake. Jumla ni mita 100, yaani kilomita 0.1, ambazo basi linapaswa kuzipata zaidi ya lori:

80x = 60x + 0.1

Jibu ni x = 0.005 ya saa, ambayo ni sekunde 18. Katika sekunde hizo basi linakwenda mita 400 likiwa upande usio wake, na gari linalokuja mbele kwa kasi ya kilomita 80 nalo linakwenda mita 400. Kwa hiyo dereva anahitaji kuona mita 800 za barabara tupu, tena bila kuacha nafasi yoyote ya ziada. Mtu aliyeketi nyuma ya usukani anaona lori la mita 18 tu mbele yake, na macho hayamwambii habari ya hizo mita 800.

Nifanyie hili, kisha unitumie hatua zote wala si jibu pekee: lori liwe linakwenda kilomita 70 kwa saa badala ya 60, na mengine yote yabaki yalivyo. Andika kwanza kwa maneno ni kitu gani kilicho sawa na kitu gani, ndipo uandike mlinganyo, kisha uniambie dereva huyo sasa anahitaji kuona mita ngapi.

Mamako akupendaye.