Msiipeleke albamu kwenye masta bado

Salu, mambo?

Kimya chote hicho, halafu unanitupia faili 14 za nyimbo za albamu yenu bila hata salamu! Haya, nitakudai siku nyingine.

Nimezisikiliza zote. Kali, hasa ile ya nne, mdundo unapokatika na kubaki makofi na sauti ya Dogo tu. Ila msiipeleke albamu kwenye masta, ile hatua ya mwisho ya kung'arisha sauti kabla ya kutoa, bado. Kiki, yaani ngoma nzito ya chini, na besi zote zimekaa kwenye hezi 55 hivi (mitetemo kwa sekunde), zinagombania kiti kimoja, ndiyo maana kiitikio kikiingia mzigo unapungua badala ya kuongezeka.

Kwanza geuzeni fezi ya besi, yaani mawimbi yake yapinduke juu chini, msikilize upande upi unanona, mbaki nao. Kisha amueni nani akae chini. Mimi ningempa kiki. Besi ipunguzeni desibeli 3 palepale kwenye 55. Chini ya hezi 30 kateni kote, karibu hakuna kinachosikika huko, kinakula nafasi tu. Halafu wekeni kompresa, kile kifaa cha kubana sauti, kwenye besi, iwe inaongozwa na kiki: besi ishuke desibeli 3 au 4 kila kiki inapogonga, iachie ndani ya milisekunde 80 hadi 100. Ikichelewa kuachia, besi itaanza kuhema, na Mamu atawaambia hiyo ndiyo ladha ya majaribio. Msimsikilize.

Sauti nazo. Kundi la Young Fathers kwenye albamu yao Heavy Heavy (2023) wanarundika sauti kibao, na bado wimbo unapumua. Nyie wote watatu mko katikati. Mmoja abaki hapo, wengine waende pembeni, muwapunguzie kidogo kati ya hezi 250 na 400. Kisha sikilizeni kwa mono: kile kipanuzi mlichoweka kutanua sauti kushoto na kulia kinameza viitikio spika ikiwa moja.

Na besi tena, nisamehe! Spika ya simu haitoi cha maana chini ya hezi 200. Besi ikwaruzeni kidogo izae sauti za juu yake, la sivyo mwenye simu hatajua kama ipo.

Faili ziwe WAV za biti 24, kilele kisipite desibeli -6, limita, ile inayozuia sauti kupita kiwango, itoke. Ukubwa wa sauti usiwatoe jasho, Spotify inashusha yenyewe hadi -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti.

Anayefanya masta ni nani? Ile sampuli ya kinanda mmeiombea ruhusa zote mbili, ya rekodi na ya utunzi? Mbona ngoma 14, wakati Heavy Heavy ina 10 tu? Na Dogo bado anadai jina lake litangulie?

Wako,
K.