Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kilele cha Margherita, Rwenzori

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazipata kwa mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu. Kurasa hizi nimezitenga kwa mlima mmoja, kwa kuwa ndio ulioulizwa zaidi mbele ya kamati mwaka huu, na kwa kuwa mengi yanayosemwa juu ya kilele cha Margherita yanahusu mlima ambao haupo tena. Yaliandikwa barafu ikiwa nene na imeungana. Anayeyafuata leo hubeba vifaa pungufu na hujipangia saa zisizotosha.

Rwenzori, safu yenye kilele hicho, si volkano. Wengi huitia kapu moja na Kilimanjaro wakitarajia kilele kimoja kinachoonekana tangu siku ya kwanza. Hii ni safu yenye urefu wa kilomita zipatazo 120 kwenye mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, bonge la miamba ya kale lililoinuliwa kati ya mipasuko ya Bonde la Ufa la magharibi. Miamba hiyo ni naisi, kwatziti na amfiboliti, mikongwe kuliko bonde lenyewe. Safu imegawanyika katika milima sita iliyotenganishwa na mabonde na mapito: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Margherita, meta 5,109, ndiyo ncha ya juu ya Stanley, na jirani yake Alexandra ina meta 5,091. Mpaka wa nchi mbili unapita hapo hapo juu. Barani Afrika ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu inayozidi urefu huo.

Kilichouchelewesha mlima huu kuingia kwenye ramani ni mawingu zaidi kuliko umbali. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipiga kambi karibu nao mwaka 1876 asione kitu. Theluji yake aliiona tarehe 24 Mei 1888. Mwaka uliofuata ofisa wake William Stairs alipanda hadi kama meta 3,250 akageuza. Wakonzo wanaoishi miguuni mwa mlima hawakuhitaji kuambiwa kwamba juu kuna theluji, maana kwao ndiko yaliko makao ya Kitasamba, mungu wao wa theluji. Tarehe 18 Juni 1906 Luigi Amedeo, Duki wa Abruzzi na mwanamfalme wa Italia, alifika Margherita pamoja na Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel, viongozi wa milima ya Alps. Vilele viwili vya juu akavipa majina ya malkia wa Italia na wa Uingereza. Mlima mmoja alitaka uitwe Thomson, lakini Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikaupachika jina la duki mwenyewe, Luigi di Savoia. Majina hayo ndiyo yaliyobaki kwenye ramani, tupende tusipende. Mwaka 1932 wapanda milima Waingereza Eric Shipton na Bill Tilman walipanda Margherita, Alexandra, Speke na Baker, na mwaka huo huo msafara wa Wabelgiji ulichunguza upande wa Kongo.

Faida kubwa ya msafara wa 1906 kwetu ni picha za Vittorio Sella, mpigapicha wake, maana zinaonyesha barafu ilipoishia. Wakati ule ilikuwepo kwenye milima yote sita: mito ya barafu (barafu nene inayosogea polepole mlimani) 43 iliyopewa majina, jumla ya eneo lake kama kilomita za mraba 7.5. Emin, Gessi na Luigi di Savoia ziliishiwa barafu katika karne ya 20. Vipimo vya picha za satelaiti vilikuta kilomita za mraba 2.01 mwaka 1987 na 0.96 mwaka 2003, na upunguaji haujakoma. Kuhusu sababu, wataalamu walivutana kwa miaka: wengine wanataja joto la hewa lililopanda, wengine ukavu ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, ambao ulipunguza mawingu na theluji mpya na kuiacha barafu ikipigwa na jua. Theluji mpya ni nyeupe na hurudisha mwanga. Barafu tupu yenye vumbi huumeza.

Hapa kuna dhana moja inayorudiwa kila mahali, kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Vipimo vya mto Mubuku vilionyesha kuwa maji ya barafu hayafiki asilimia 2 ya maji yanayoshuka hadi miguuni mwa mlima. Mto unalishwa na mvua, na mvua hiyo huhifadhiwa na misitu na vinamasi vya juu, kisha huachiliwa polepole. Kwa hiyo anayekwepa tope kwa kukanyaga kando ya njia na kuipanua anaudhuru mto kwa namna ya moja kwa moja. Kamati imekubaliana kwamba safari zetu zitapita kwenye njia za mbao na juu ya njia iliyopo, hata pale tope linapofika magotini.

Na litafika. Njia ya mzunguko wa kati huanzia Nyakalengija, hupita vibanda vya Nyabitaba (meta 2,651), John Matte (3,414), Bujuku (3,962) na Elena (4,541), kisha hurudi kwa pito la Scott Elliot, kibanda cha Kitandara (4,023), pito la Freshfield (4,282) na Guy Yeoman (3,505). Panga siku saba au nane. Baada ya msitu na mianzi inakuja mimea ya erika, mirefu kama miti, iliyofunikwa ndevu za kuvumwani, halafu vinamasi vya Bigo, penye mimea mikubwa ya lobelia na senesio. Bigo imejaa mashungi ya nyasi yanayoyumba. Ukiruka kutoka shungi moja hadi jingine na mzigo mgongoni, mguu huteleza katikati na goti hujipinda. Shuka ndani ya tope, jaribu kina kwa fimbo, tembea. Gambuti ndicho kiatu cha njia hii hadi Elena. Buti za ngozi hulowa siku ya kwanza hazikauki tena.

Buti za barafu zibaki kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, pamoja na begi la kulalia, soksi na nguo za kilele. Kinachowashinda wengi huku ni kulowa, wala si baridi kali. Jaketi likipitisha maji John Matte, mtu hufika Elena akitetemeka na hana kitu kikavu cha kubadilisha. Pamba iacheni nyumbani. Sufu au nailoni. Miezi yenye unafuu ni Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, lakini hata hiyo ina mvua.

Kuhusu mwinuko, tazameni tofauti za vibanda: Nyabitaba hadi John Matte ni meta 763, kisha 548, kisha 579. Ni hatua kubwa mfululizo kwa mwili usiozoea. Kamati inashauri usiku wa pili Bujuku kabla ya Elena kwa yeyote anayeumwa kichwa. Maumivu ya kichwa peke yake yanavumilika. Yakiambatana na kutapika, kuyumba kama mlevi au kukohoa na kuhema ukiwa umekaa, ni kushuka saa hiyo hiyo, hata usiku, hadi Bujuku au chini zaidi. Dawa hainunui muda wa kupanda.

Sehemu iliyobadilika zaidi ni kutoka Elena hadi kileleni, meta 568 tu za mwinuko. Kundi huondoka saa nane au saa tisa usiku. Kwanza ni vibamba vya mwamba, ambavyo alfajiri huwa na utando mwembamba wa barafu usioonekana kwa tochi. Ndipo unafika uwanda wa barafu wa Stanley, unaukata kuelekea kaskazini, unashuka chini ya miamba ya Alexandra, unaupanda mto wa barafu wa Margherita hadi kwenye tandiko, yaani mbonyeo, kati ya vilele viwili, na kumalizia kwenye mwamba. Zamani sehemu kubwa ya hayo ilikuwa barafu mfululizo. Sasa barafu imejitenga vipande, na katikati mwamba umetokeza. Kuna ngazi na kamba zilizofungwa pale ambapo mpandaji wa zamani alipita juu ya theluji.

Matokeo yake ni kwamba kramponi, vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya buti, zinavaliwa na kuvuliwa mara kadhaa, na hapo ndipo muda unapotea. Jizoezeni kuzifunga gizani mkiwa na glavu kabla ya safari. Kramponi inayofungwa kwenye gambuti hutoka, kwa sababu soli inapinda. Inahitaji buti yenye soli ngumu. Kila mmoja awe na hanesi (mkanda wa kiunoni wa kufungia kamba), helmeti, shoka la barafu na tochi ya kichwani yenye betri za akiba. Wanaofungana kamba wawe watatu au wanne, meta 8 hadi 10 kati yao, kamba ikiwa imekazika. Kamba inayoburuzika haimzuii anayetumbukia kwenye ufa mpaka awe amekwenda mbali. Msiziamini kamba mlizozikuta: shikeni ncha, kagueni mahali zinaposuguana na mwamba, na muulizeni kiongozi wa eneo zilibadilishwa lini.

Saa ya kugeuza tumeiweka saa nne asubuhi, popote kundi lilipo. Baada ya hapo barafu inalainika, mawe yaliyoshikwa na baridi ya usiku yanaachia, na mawingu yanafunika uwanda hadi nyayo za kupandia hazionekani.

Upande wa Kongo, njia ya Mutwanga kupitia bonde la Butawu ndani ya Hifadhi ya Virunga, kamati haitaupeleka msafara wowote mpaka hali ya usalama itengemae. Upande wa Uganda nao ulifungwa kati ya 1997 na 2001 kwa sababu ya waasi, na hifadhi ya Rwenzori, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 1994, ilikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini hadi 2004.

Mkutano mkuu utaombwa kupitisha mambo mawili: mchoro wa zamani wa njia ya Elena uondolewe kwenye kabati la chama, na kila kundi litakalorudi liandike mahali lilipovalia na kuvulia kramponi, tarehe, na hali ya ngazi. Fomu ni ya ukurasa mmoja. Iko kwa katibu.

Mwenyekiti