Risala ya Akina Mama wa Stendi ya Mombo kwa Mheshimiwa Diwani, Siku ya Kuvunja Kikoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa Kata yetu;
Ndugu Mwenyekiti wa Mamlaka ya Mji Mdogo;
Ndugu Mtendaji wa Kata na Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii;
Ndugu wenyeviti wa vitongoji;
Viongozi wetu wa dini, walimu wetu, waume zetu mliotusindikiza;
Wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana:

Assalaam alaykum! Bwana Yesu asifiwe! Habari za mchana?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe kwa kuitikia wito wetu. Tunajua jana ulikuwa msibani mpaka usiku na leo asubuhi ulikuwa na kikao, lakini umefika, na umefika kwa saa tuliyoiandika kwenye kadi.

Mheshimiwa, kikundi chetu kina wanachama 30. Tulianza tukiwa 12, tukikutana chini ya mwembe kila Alhamisi jioni. Kati yetu wapo wauza matunda na mboga, mama lishe, wachoma mahindi, na wawili wanauza mitumba. Mombo ni mji wa wapita njia tangu zamani. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, kisha ikaja barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na hapa ndipo anapokatia kona anayepanda Lushoto. Sisi tunaishi kwa huyo anayepita.

Mzigo wetu mwingi unateremka kutoka Soni na Lushoto kabla hakujapambazuka: kabichi, karoti, viazi, peasi, plamu, maparachichi. Huko juu ni baridi, huku chini ni joto. Plamu iliyochumwa Jumatatu, Jumatano hapa Mombo humpi mtu hata bure. Kwa hiyo mama anayetaka mtaji wa tenga mbili anautaka leo saa 10 alfajiri, gari likiwa limesimama. Hakuna benki ya saa 10 alfajiri. Ndiyo maana tukaanzisha kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, na ndiyo maana sanduku lile mezani lenye kufuli 3 ni kitu kikubwa sana kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba nianze na habari ya mtaro, maana mtaro ndio uliotufahamisha nawe.

Masika iliyopita maji yaliteremka mlimani usiku. Tulipofika sokoni alfajiri yalikuwa yanatufika magotini. Kabichi zilikuwa zinaelea mpaka mlangoni kwa fundi viatu. Mwenzetu mmoja, mjane, alikuwa amelaza magunia 3 ya karoti, akayakuta yamegeuka tope. Alikaa juu ya kreti akiwa ameshika kichwa, hakulia wala hakusema. Wewe ulifika saa 12 na nusu kwa miguu, suruali umeikunja, viatu umevishika mkononi. Ulimpa pole yeye kwanza. Kisha ukaomba ufito.

Mheshimiwa, ufito ule tunaukumbuka wote. Uliutumbukiza mtaroni, ukautoa, ukatuonyesha. Mtaro uliochimbwa kumfika mtu kiunoni ulikuwa umebakiwa na nafasi ya shubiri moja. Kwingine kote ni tope, chupa za maji, mifuko na majani ya kabichi. Hukutusema. Uliushika tu ule ufito, ukatutazama mmoja mmoja, na kila mmoja wetu akainamisha macho, kwa sababu majani yale ya kabichi yalikuwa yetu.

Jambo jingine ulilotufundisha siku ile ni kwamba mtaro mmoja unapita kwenye mikono mingi. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, barabara za ndani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, soko ni la halmashauri, na taka ni zetu. Sisi tulikuwa tukidhani diwani anayo hela mfukoni, akitaka anachimba, asipotaka anaacha. Ulitueleza wazi kwamba diwani hana fungu la kutoa, ana mdomo wa kusemea watu na kiti katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kiti kingine katika Baraza la Madiwani. Ukavitumia vyote viwili. Wahusika wote uliwaita waje kusimama penye mtaro wenyewe, siku moja, saa moja. Tunaamini hilo ndilo lililosaidia, maana mtu akiwa amesimama kwenye tope hawezi kusema hajui mahali panapozungumzwa.

Kamati ikapitisha msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa Jumamosi 2. Ulikuja na chepe lako, na Jumamosi ya pili ulikuja na wanao. Makalvati 2 yaliyopasuka yamebadilishwa. La 3, lile la karibu na mashine ya kukoboa, bado. Tunalisema hapa kwa sababu wewe mwenyewe ulituambia tusiwe tunasoma risala za sifa tupu. Hata hivyo, vuli ilipopiga mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara maji yalipita mtaroni na sisi tukaendelea kuuza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, la pili ni zito zaidi, na linatuhusu sisi kuliko linavyokuhusu wewe.

Mabasi yanaposimama hapa hayakai. Muuzaji anapandisha sinia dirishani, abiria anachagua, dereva anaondoa gari, na muuzaji anakimbia pembeni akidai hela yake. Watoto wana mbio kuliko sisi. Hivyo ndivyo mayai ya kuchemsha na matunda yalivyohamia mikononi mwa watoto, mwanzoni siku za Jumamosi, baadaye hata saa za masomo. Mwezi wa 7 mtoto wa darasa la 5 aliteleza akikimbiza chenji ya shilingi 500. Tairi la nyuma lilipita juu ya sinia lake. Yeye alinusurika kwa sababu kijana wa bodaboda alimvuta kwa kola ya shati.

Jioni ile ulikuja kwenye kikao chetu bila kualikwa. Uliuliza swali moja: nani hapa ana mtoto anayeuza saa za shule? Hakuna aliyenyoosha mkono. Hukurudia swali, ulikaa kimya. Ukapanda mkono mmoja, ukafuata wa pili, mpaka tukafika akina mama 7. Mimi ninayesoma risala hii nilikuwa mmoja wa hao 7.

Uliuliza kwa nini, na ukatusikiliza. Tulikueleza kwamba ada iliondolewa na tunashukuru, lakini sare, madaftari, viatu na mchango wa chakula cha mchana bado viko juu ya mama, na mama mwenyewe mtaji wake unaoza kwa siku 2. Hukutuahidi kitu. Ulisema: mna mfuko wa jamii kwenye sanduku lenu, mbona mnaufungua mtu akifa tu? Neno lile lilituingia. Tangu mwezi wa 8 kila mwanachama anaweka shilingi 500 kwa wiki kwa ajili ya watoto wetu wa shule, na mwalimu mkuu ana namba ya mwenyekiti wetu. Mtoto asipoonekana darasani, simu inalia sokoni. Kati ya watoto wale 7, watano hawajakosa shule muhula huu. Wawili bado wanatoroka, na hatujawakatia tamaa.

Mheshimiwa, kuhusu mikopo ya halmashauri nitasema kwa kifupi. Sote tunajua kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa nchi nzima, na iliporudishwa mwaka 2024 wengi wetu tulikuwa tumeshaiondoa akilini. Ni wewe uliyetukumbusha kwamba fedha hizo zinatokana pia na ushuru tunaolipa wenyewe kila siku hapa sokoni, na kwamba kuziomba si kuomba msaada. Maombi yetu ya kwanza yalirudi kwa sababu mihtasari ya vikao vyetu ilikuwa na mapungufu. Tulikujia tukitaka upige simu. Ulikataa, mbele yetu, kwa upole, ukasema kikundi kinachopita kwa simu kitaviponza vinavyofuata. Badala yake ulimwomba Afisa Maendeleo ya Jamii akae nasi, na alikaa nasi Alhamisi 3 mfululizo. Tuliomba shilingi milioni 10, tukapata milioni 6, na tumerejesha kila mwezi bila kuchelewa hata mara moja. Tunasema mbele ya watu wote: kukataa kwako kulitufaa kuliko simu ambayo ungepiga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, mwaka 2023, biashara ya hapa haina saa. Saa 8 usiku kuna chai inauzwa na kuna mama anahesabu chenji kwa tochi ya simu akiwa ameibana kwa kidevu. Tunaomba taa upande wa stendi wanakosimama akina mama. Si taa nyingi, mbili zingetosha kuanzia.

Tunaomba choo cha soko chenye maji. Leo hii kila haja ni shilingi 300 kwenye choo cha mtu binafsi, na kikifungwa usiku tunakwenda nyuma ya maghala gizani. Mwenzetu mjamzito alikuwa akitumia shilingi 1,500 kwa siku kwa kwenda chooni tu, hela ambayo ingemnunulia chakula cha usiku. Tuna wasichana wanaosaidia mama zao hapa jioni, na kuna siku katika mwezi hawawezi kuja kabisa. Kwetu sisi ombi hili ndilo la kwanza kwa uzito, hata kama nimelisoma la pili. Kikundi kimetenga shilingi 400,000, tutasomba mchanga na mawe wenyewe, na siku za msingi tutapika kwa ajili ya mafundi.

Na lile kalvati la 3, Mheshimiwa, tunaomba lisikute masika.

Tunajua mengine yatakwama huko yanakokwenda. Tunachokuomba ni uje utuambie yamekwama wapi, kama ulivyofanya kwa mtaro, ili na sisi tujue pa kwenda kusimama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii watunza funguo watatu watapita mbele, kila mmoja na ufunguo wake, na sanduku litafunguliwa mbele yako. Hela zitahesabiwa mezani kwa sauti, kisha kila mama ataitwa kwa jina apokee hisa zake. Wa kwanza kuitwa atakuwa yule mjane wa magunia 3 ya karoti. Tunakuomba umkabidhi kwa mkono wako.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Kikundi.