Kabla ya kuwaita wahitimu wa biashara walafi, ulizeni deni lao

Mhariri,

Tahariri yenu kuhusu wahitimu wa vyuo vya biashara “wanaouza ndoto zao kwa mshahara” nimeisoma mara mbili na bado sikubaliani nayo. Mimi ni mstaafu. Kwa muda mrefu nilikuwa mshauri katika ofisi ya ajira ya chuo kimoja cha biashara. Nilikaa na wanafunzi wa MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, nikipitia wasifu wao, nikiwaandaa kwa usaili na, mara nyingi kuliko mnavyodhani, nikiwasikiliza tu wakiwaza kwa sauti. Tamaa ipo, sikatai. Ila niliowaona wakiongozwa na tamaa peke yake walikuwa wachache, na hao hawakuhitaji ushauri wa mtu.

Anzeni na kalenda. Kampuni kubwa za ushauri na benki za uwekezaji hubisha hodi chuoni mapema, mwanafunzi akiwa bado anahangaika na somo la kwanza la uhasibu. Huandaa hafla na kuleta waliohitimu miaka ya nyuma wazungumze. Wakati wa likizo ndefu baada ya mwaka wa kwanza huwachukua wanafunzi kwa mafunzo kazini, na yakiisha, anayewafaa hukabidhiwa barua ya ajira yenye siku ya mwisho ya kujibu. Asasi ndogo ya afya au kampuni changa ya umeme wa jua, kwa upande wake, haijui kama mwaka ujao itakuwa na fungu la kumlipa mtu. Tangazo lake hufika wanafunzi wakiwa wanapimwa majoho. Kwa hiyo mnaposema kijana alipima pesa na ndoto akachagua pesa, mnasahau kwamba siku aliyosaini, hiyo kazi ya ndoto ilikuwa haijatangazwa.

Halafu kuna deni. Namkumbuka binti mmoja ambaye insha yake ya kuomba kujiunga na chuo ilihusu bohari za dawa za hospitali za umma: alitaka kuzisimamia, kwa sababu dawa zinapitwa na muda ghalani huku wagonjwa wakiambiwa zimekwisha. Ilikuwa insha ya mtu aliyewahi kuingia ghala lenyewe. Mwaka wa pili alikuja kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu aliandika marejesho ya mkopo kwa mwezi, chini yake kodi, chini yake ada ya mdogo wake. Pembeni aliweka mishahara miwili. Ule wa bohari uliishia kwenye kodi, haukufika kwa mdogo wake. Hakulia wala hakujitetea. Aliniuliza tu, “Mwalimu, nikisaini leo, ile bonasi inaingia lini?”

Bonasi hiyo ya kusaini mkataba nayo ina masharti. Kwa kawaida ukiondoka kabla ya muda uliowekwa, mara nyingi mwaka mmoja au miwili, unairudisha. Mtu aliyeitumia kupunguza mkopo atairudisha kwa kutumia nini?

Karibu wote husema wanakwenda kwa miaka miwili tu, walipe deni, wapate uzoefu, kisha wafuate lile walilolitaka. Sikuwahi kuwacheka. Nilikuwa nawauliza: siku utakapoacha kazi hiyo, utakuwa unalipa nini kila mwezi? Aliyenijibu kwa tarakimu nilikuwa na matumaini naye. Aliyenijibu kwa hotuba kuhusu kubadilisha dunia, nilimpa kalamu tuanze kuandika. Kwa niliowafuatilia, waliotoka kweli ni wale waliobaki kwenye chumba kilekile cha uanafunzi wakamaliza mkopo kwanza, kabla gari na nyumba kubwa havijageuka kuwa mahitaji.

Mnapendekeza wahitimu waape kiapo cha maadili. Kiapo kipo. Mwaka 2009, baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, wahitimu wa chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, walianzisha cha kwao na mamia wakakisaini, wakiahidi uadilifu na kutotanguliza maslahi yao finyu. Sina ubaya nacho. Lakini kiapo hakilipi rejesho la mwezi. Chuo cha usimamizi cha Yale kilianza tangu miaka ya 1980 kuwasaidia kulipa mikopo wahitimu wake wanaokwenda kwenye asasi au utumishi wa umma, na Stanford pia ina mpango wa aina hiyo. Huo ndio ushauri ambao ningependa kuusoma kwenye tahariri, ukielekezwa kwa vyuo vinavyojaza vipeperushi vyao picha za wahitimu wanaosaidia jamii, kisha vinajisifu kwa wastani wa mshahara wa wahitimu. Wastani huo unaingia hata katika baadhi ya orodha za kupanga ubora wa vyuo. Mwanafunzi anayekwenda kwenye asasi anaushusha, na ofisini kwetu jambo hilo lilijulikana vizuri hata kama halikusemwa kwenye kikao.

Asasi nazo zisijifiche nyuma ya neno wito. Nimeona wahitimu wakienda huko kwa moyo mkunjufu, wakakuta mkataba wa miezi michache, bosi asiyejua kazi yao ni ipi, na fitina kuliko benki yoyote. Kisha wakiondoka wanaambiwa walifuata pesa. Asasi inayomtaka mtu wa fedha au wa ugavi iweke mshahara kwenye tangazo lenyewe, iseme mkataba ni wa muda gani, na tangazo hilo lifike chuoni kabla ya likizo ndefu, si baada yake. Kama fungu halijathibitishwa, iseme hivyo pia. Wapo wanafunzi watakaosubiri, mradi wajue wanachosubiri.

Mshauri mstaafu wa ajira